Safari ya Mocímboa da Praia kwa Ramani na Takwimu

Msafiri atokaye Mtwara kwenda kusini hufika kwanza Kilambo, ambako mto Ruvuma humzuia mpaka apate chombo cha kumvusha. Akishavuka na kuingia upande wa Namoto, hana budi kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwani Msumbiji hufuata majira ya Afrika ya Kati. Kutoka hapo njia huelekea Kionga, jina ambalo Wareno waliliandika Quionga, ikapita Palma, kisha ikaendelea hadi Mocímboa da Praia, mji wa bandari ulio kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado. Kwa mstari ulionyooka, kutoka mlango wa Ruvuma hadi mji huo ni karibu kilometa 100 tu.

Mswahili hajioni mgeni sana katika mji huo. Wenyeji wa pwani hiyo ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, ni ndugu wa Kiswahili. Maneno yake mengi hayahitaji mkalimani. Wamakonde nao wako pande zote mbili za mto. Tangu zamani majahazi na mashua zimekuwa zikienda na kurudi baina ya pwani hiyo na ile ya Mtwara, Kilwa na Unguja, na wako watu wengi Tanzania ambao bibi zao au wajomba zao wamezikwa Mocímboa.

Siku hizi wako pia wengi wanaofika Mocímboa bila ya kuvuka mto wowote. Hufungua kompyuta au simu ya mkononi, wakaitafuta ramani katika mtandao, na juu ya ramani hiyo wakapanga nukta za rangi mbalimbali: hizi za meli, zile za moto, hizi za mashambulizi, zile za watu waliohama. Miongoni mwao wamo maofisa wa misaada, wafanyabiashara na waandishi wa habari. Wamo pia mama na vijana wa kawaida walioko Mtwara au Temeke, ambao jamaa zao wako ng'ambo ya Ruvuma. Kwa mtu wa namna hiyo nukta moja nyekundu si mchezo. Ndiyo imwambiayo kama nyumba ya dada yake ingalipo, au kama mjomba apakie mizigo yake wiki hii ama angoje.

Inafaa basi zana hizo zijaribiwe juu ya bandari hii moja, ili ijulikane zinasema nini, na zinanyamaza mahali gani.

ZANA HIZI ZILIVYOANZA

Ramani ya mtandao ilianza kuwa mali ya kila mtu katika miaka michache tu. Mwaka 2004 ilianzishwa Uingereza ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wanaojitolea na ambayo yeyote aweza kuisahihisha. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa ramani yake. Mwaka huohuo Mmarekani mmoja, Paul Rademacher, alichukua matangazo ya nyumba za kupanga yaliyokuwa katika tovuti moja, akayapachika juu ya ramani iliyokuwa katika tovuti nyingine. Mpangaji akaweza kuona kwa mara moja bei ya nyumba na mtaa iliko. Huo ulikuwa mfano wa mwanzo uliojulikana sana wa kuunganisha ramani na takwimu.

Afrika Mashariki haikukawia. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, ghasia zilipozuka, kikundi cha Wakenya na wenzao, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, kilitengeneza mnamo Januari 2008 ramani iliyopokea habari za wananchi na kuzionyesha mahali zilikotokea. Waliipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Chombo hicho kikatumika baadaye hata Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Huko Dar es Salaam, mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaweka pamoja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wakazi wa mitaa yenye mafuriko, wakatembea kwa miguu wakiandika mifereji, vichochoro na majina ya mitaa yao.

Kazi ya zana hizi zote ni moja, nayo yafanana na ya fundi cherehani awekaye karatasi ya kipimo juu ya kitambaa. Ramani ni kitambaa. Takwimu ni karatasi. Fundi akiilaza karatasi sawasawa, nguo hutoka nzuri. Karatasi ikisogea kidogo, nguo yote huharibika, hata kama kitambaa kilikuwa kizuri na karatasi ilikuwa sahihi.

JINA MOJA, MAHALI PENGI

Jaribio la kwanza ni la jina. Mtu hawezi kuiweka habari yoyote juu ya ramani kabla ya kuiambia mashine habari hiyo ni ya wapi, na mashine, isipoelekezwa vizuri, huchagua mahali kwa jina tu.

Makao makuu ya Cabo Delgado ni mji wa Pemba, ambao kabla ya uhuru wa mwaka 1975 uliitwa Porto Amélia. Lakini Pemba ni kisiwa cha Zanzibar pia, na uko mji mwingine wa Pemba kusini mwa Zambia. Jirani wa kaskazini wa Mocímboa ni Palma. Palma nyingine, kubwa na mashuhuri zaidi, iko katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Hata neno "porto", ambalo kwa Kireno ni bandari tu, laweza kumpeleka mtafutaji mpaka mji wa Porto ulioko Ureno. Na Mocímboa zenyewe ni mbili: hii ya Praia, yaani ya pwani, na ile ya Rovuma, iliyo bara upande wa mto. Orodha ya misaada iliyoandikwa "Mocímboa" bila ya neno la pili ni orodha yenye njia panda ndani yake.

Ili kuepuka shida hiyo, wajuzi hutumia namba. Mocímboa da Praia iko karibu na latitudo 11.35 kusini na longitudo 40.35 mashariki. Kompyuta haiandiki neno "kusini". Huweka alama ya kutoa mbele ya 11.35. Karani akisahau alama hiyo ndogo, bandari yote huhama bahari na kwenda kukaa katika nchi kavu ya Afar, Ethiopia. Akizigeuza namba mbili hizo, ya kwanza ikawa ya pili, bandari huelea katika bahari ya Atlantiki, kiasi cha kilometa 200 kutoka pwani ya Ureno. Na akiacha nafasi za namba wazi, mashine nyingi huzihesabu kuwa sifuri na sifuri, zikaiweka habari ndani ya Ghuba ya Guinea, mahali pasipo na mji wala kisiwa.

Makosa makubwa ya namna hii huonekana upesi, kwa sababu hakuna aaminiye kwamba soko la samaki liko katikati ya jangwa. Yenye hatari zaidi ni makosa madogo: nukta iliyosogea kilometa tano ikaangukia kijiji cha jirani.

Mipaka nayo ina historia yake. Kipande cha ardhi cha Kionga, kusini mwa mlango wa Ruvuma, kilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, kikatwaliwa na Wareno mwaka 1916, na kuthibitishwa kuwa chao mwaka 1919. Watu wa hapo walichorwa katika ramani za Wajerumani, kisha za Wareno, bila ya kuhama walipokuwa wakiishi.

BANDARI ISIYO NA MELI

Jaribio la pili ni la bandari yenyewe. Ziko tovuti zionyeshazo meli za dunia nzima kama vijimshale vya rangi vinavyotembea juu ya bahari ya buluu. Mtu akigusa mshale, huambiwa jina la meli, mwendo wake na bandari iendako. Akitazama bahari kuu nje ya Msumbiji, huona meli za mafuta na za makasha zikipita. Akisogea mpaka Mocímboa, siku nyingi hukuta ghuba tupu.

Je, bandari imelala? Hapana budi kwanza ijulikane mishale hiyo hutoka wapi. Kila meli kubwa hubeba chombo cha redio kinachotangaza jina lake na mahali ilipo; vituo vya pwani na setilaiti hupokea tangazo hilo, na tovuti huliweka juu ya ramani. Sheria ya kimataifa inazilazimisha kubeba chombo hicho meli za abiria na meli za tani jumla 300 na kuendelea ziendazo nchi za nje. Jahazi halimo katika sheria hiyo. Mashua haimo, ngalawa haimo, wala mtumbwi wa mvuvi.

Kwa hiyo vyombo vilishavyo mji huo kila siku, vinavyoleta mafuta ya kupikia, sabuni na vitambaa na kuchukua samaki wakavu, havionekani hata kimoja. Ramani haikusema uongo. Imesema kweli juu ya meli zenye redio. Mwongo ni yule asomaye ukimya wa majahazi kuwa ni ukosefu wa majahazi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayetaka kujua kama chakula kinafika mjini.

MAJI YA BAMVUA

Jaribio la tatu ni la picha. Setilaiti za Sentinel-2, za Umoja wa Ulaya, hupita juu ya kila pwani mara moja kila siku tano na kutoa picha bila ya malipo kwa yeyote aliye na mtandao. Mraba mdogo kabisa wa picha hizo ni wa mita 10 kwa 10. Nyumba ya makuti ya kawaida huwa ndani ya mraba mmoja au miwili, na jahazi hali kadhalika.

Mtu asiyekulia pwani akilinganisha picha mbili za ghuba ya Mocímboa aweza kushtuka. Katika moja maji yamejaa mpaka kwenye mikoko. Katika nyingine fungu la mchanga limetokeza, na vyombo vinaonekana kukaa juu ya matope. Aweza kuandika kwamba ghuba inajaa mchanga na bandari inakufa.

Mvuvi angemcheka. Katika pwani hiyo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne wakati wa bamvua. Setilaiti hiyo hupita kila mara kwa saa ileile, asubuhi baada ya jua kupanda, na katika pwani ya Afrika Mashariki maji ya bamvua huwa yamepwa takriban saa hiyo. Siku za maji mafu mambo huwa mengine. Basi picha mbili zilizopigwa saa ileile, moja ya mwezi mpevu na nyingine ya wiki iliyofuata, zitaonyesha bandari mbili mbalimbali, na hakuna kilichobadilika ila mwezi. Ndiyo maana mwenye hekima huweka kalenda ya maji kando ya picha kabla ya kutoa hukumu.

Kisha yako mawingu. Wakati wa masika, na zaidi wakati wa kimbunga, ambapo habari huhitajiwa kuliko siku zote, picha za kawaida huonyesha weupe mtupu. Ziko setilaiti nyingine zenye rada, ambazo huona kupita mawingu na usiku, ila picha zake zahitaji msomaji aliyefundishwa.

NUKTA YA MOTO

Jaribio la nne lahitaji moyo mgumu kidogo. Shirika la anga la Marekani, NASA, hutoa kila siku ramani ya mioto ya dunia nzima. Setilaiti hupima joto la ardhi, na panapozidi kiasi huwekwa nukta. Nukta hiyo si mahali pa jiko la mtu. Ni mraba wa mita 375, na katika chombo cha zamani zaidi ni wa kilometa moja. Ndani ya mraba huo mna nafasi ya kijiji, shamba na makaburi kwa pamoja.

Katika Cabo Delgado, kama ilivyo Mtwara na Lindi, mkulima hufyeka na kuchoma shamba lake kiangazi kinapokaribia kwisha, ili mvua zikute ardhi tayari. Kwa hiyo kuanzia Agosti hadi Novemba ramani ya mioto hujaa nukta nyekundu, na nyingi katika hizo ni ishara ya amani: ni watu waliorudi mashambani mwao. Lakini katika vita vilivyoanza tarehe 5 Oktoba 2017, siku vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, vijiji vingi vilichomwa moto, na mioto hiyo nayo hutoa nukta nyekundu zilezile.

Setilaiti haijui aliyewasha. Moto wa mkulima na moto wa mvamizi ni joto tu machoni pake. Ili kuutenga mmoja na mwingine, hapana budi nukta ilinganishwe na picha ya kabla na ya baada, ionekane kama kilichokuwa paa kimekuwa jivu. Na kisha, ikiwezekana, apatikane mtu wa hapo wa kuulizwa. Kwa njia hiyo picha za setilaiti zilisaidia kuthibitisha habari za vijiji vilivyoungua wakati ambapo waandishi hawakuweza kufika. Nukta peke yake isingethibitisha neno.

PAA ZILIZOCHORWA KUTOKA MBALI

Tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira, kimbunga Kenneth kilivuka Komoro na kuishukia pwani ya Cabo Delgado, baina ya Pemba na Mocímboa. Wilaya za Ibo, Quissanga na Macomia ziliumia sana. Waliokwenda kutoa msaada walihitaji kujua nyumba ziko wapi na njia zipi zapitika, na katika ramani nyingi sehemu hizo zilikuwa tupu kama karatasi mpya.

Hapo wakajitokeza wajitolea wa OpenStreetMap. Wakiwa nchi mbalimbali, mbele ya kompyuta zao, walitazama picha za setilaiti na kuchora paa moja baada ya jingine, njia moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na anayeifungua ramani ya jimbo hilo hukuta vijiji ambavyo awali havikuwamo.

Hata hivyo ni vema ijulikane kilichochorwa ni nini. Mjitolea aliona paa; hakumwona mwenye nyumba. Aliona njia, hakujua kama hupitika masika. Majina hakuweza kuyaona kabisa, kwa kuwa jina la kijiji haliandikwi juu ya mapaa. Hapa ndipo tofauti na Ramani Huria ya Dar es Salaam ilipo, ambako mchoraji alisimama kwenye kona ya mtaa akamwuliza mzee aliyekaa barazani.

Na lililo zito zaidi ni tarehe. Tarehe 23 Machi 2020 wavamizi waliingia Mocímboa da Praia na kuondoka. Mwezi Agosti mwaka huohuo walirudi na kuuteka mji pamoja na bandari yake, wakaushika karibu mwaka mzima, mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoutwaa tarehe 8 Agosti 2021. Wakazi waliokimbia walianza kurudi kwa wingi mwaka 2022. Paa lililochorwa mwaka 2019 laweza kuwa liliungua mwaka 2020 na kuezekwa upya miaka baadaye, mahali palepale au pembeni yake. Ramani haisikii harufu ya moshi. Mstari uliochorwa hubaki mpaka atokee mtu wa kuufuta.

NUKTA ZA VITA NA HESABU ZA WATU

Kuanzia mwaka 2020 habari za vita hivyo zilikusanywa na Cabo Ligado, kazi iliyoanzishwa kwa pamoja na taasisi ya ACLED, ambayo huandika matukio ya mapigano duniani, na vyombo vya habari vya Zitamar na Mediafax. Kila tukio hupewa tarehe, mahali na maelezo, na yeyote aweza kuyaweka matukio hayo juu ya ramani.

Mtu akifanya hivyo huona nukta zimerundikana juu ya miji ya wilaya. Sehemu ya rundo hilo ni ya kweli, kwani miji hiyo ilipigwa. Lakini iko kanuni ambayo asiyesoma maelezo ya takwimu hataijua. Habari ikifika kwamba tukio lilitokea "katika wilaya" fulani, bila ya kijiji kutajwa, mwandishi wa takwimu hana la kufanya ila kuiweka nukta juu ya mji uwakilishao eneo hilo, na kando yake huweka namba ionyeshayo kwamba mahali hapo si hakika. Ramani nzuri ya rangi mara nyingi huiacha namba hiyo. Basi mji huonekana umejaa damu, na kijiji cha porini ambako tukio lilitokea kweli huonekana salama. Mtu aliyekimbia aweza kukikimbilia.

Hesabu za watu zina kisa chao. Sensa ya Msumbiji ilifanyika Agosti 2017. Miezi miwili baadaye vita vikaanza palepale Mocímboa. Kwa hiyo kila ramani ipakayo rangi wilaya hizo kwa idadi ya watu wa sensa hiyo inaonyesha nchi ilivyokuwa katika saa zake za mwisho za utulivu. Kufikia mwishoni mwa 2022, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu zaidi ya watu milioni moja waliokuwa wameyahama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji. Wengine wamerudi, wengine wamehama tena, na mwezi Desemba 2024 kimbunga Chido kikawapiga waliokuwa kusini ya Pemba. Afisa agawaye mahindi kwa idadi ya mwaka 2017 atapeleka magunia mengi palipo na watu wachache na machache palipofurika watu, na hakuna atakayemlaumu, kwa kuwa ramani yake ni safi na namba zake ni za serikali.

Umbali nao hudanganya. Kutoka Pemba hadi Mocímboa, mstari ulionyooka juu ya ramani ni karibu kilometa 180. Barabara haifuati mstari huo; huingia bara, ikapita Macomia na Awasse, kisha ikarudi pwani. Lori la chakula hupita barabarani.

YASIYOFAA KUWEKWA WAZI

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni la adabu kuliko la ufundi. Ramani aionayo mfadhili huonwa na adui pia. Nukta inayoonyesha mahali familia zilikojificha msituni yaweza kuleta unga, na yaweza kuleta mapanga. Kwa sababu hiyo hesabu za waliohama huchapishwa kwa jumla ya mahali, si kwa jina la mtu wala la nyumba, na wanaokusanya habari kwa uangalifu huficha jina la aliyezitoa. Kijana wa Mtwara apigiwaye simu na binamu yake kutoka kichakani asiharakishe kuipeleka mtandaoni picha yenye alama ya mahali. Vita hivi vimekwisha kuugusa ukingo wa kaskazini wa Ruvuma: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa.

JINSI YA KUISOMA

Baada ya majaribio haya mtu aweza kudhani kwamba zana hizi hazifai. Sivyo. Bila ya hizo, mambo mengi ya Cabo Delgado yangejulikana kwa wachache tu, na vijiji vya Macomia vingeendelea kuwa karatasi tupu. Linalotakiwa ni msomaji azihoji, kama mzee wa baraza amhojivyo shahidi, naye ana maswali manne.

La kwanza: habari hii ni ya lini? Tarehe ya kuchorwa ramani si tarehe ya picha, na tarehe ya picha si ya leo. Aangalie pia saa ni ya Dar es Salaam au ya Maputo.

La pili: mahali hapa pamejulikana kwa kiasi gani? Je, ni nyumba, ni mraba wa kilometa, au ni wilaya nzima iliyofupishwa kuwa nukta?

La tatu: nani aliyeona? Setilaiti, redio ya meli, karani, au mtu aliyesimama hapo?

La nne: ni nani asiyeweza kuonekana kwa chombo hiki? Swali hili husahauliwa kuliko mengine. Katika ramani ya meli ni jahazi; katika ramani ya mapaa ni jina; katika ramani ya sensa ni mkimbizi.

Na baada ya maswali yote, mwenye jamaa huko apige simu. Ushahidi, wale waanzilishi wake walijua walichokiita, ni neno la mtu aliyeona, linalongoja kusikilizwa pamoja na la mwenzake.

Asubuhi ya bamvua, setilaiti ipitapo juu ya Mocímboa da Praia, itaona mchanga mkavu na vyombo vilivyoegama ubavu, na ramani ya meli haitakuwa na mshale hata mmoja. Alasiri maji yatajaa, vyombo vitainuka, na nahodha aliyengoja tangu alfajiri atatweka tanga na kuelekea kaskazini, Mtwara, bila ya mashine yoyote kuandika safari yake. Atakayejua kwamba amefika ni yule anayemngojea pwani.